Mstari kwenye ukuta wa mshipa

Mwezi Januari mwaka 2008, kampuni mbili kubwa za dawa za Marekani zilitangaza matokeo ambayo madaktari wa moyo walikuwa wameyasubiri tangu utafiti wenyewe ulipokamilika mwaka 2006. Wagonjwa 720 waliorithi tatizo la kolesteroli nyingi kwenye damu waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilimeza simvastatini peke yake. La pili lilimeza simvastatini pamoja na dawa nyingine, ezetimibe. Baada ya miezi 24 likaulizwa swali moja: ukuta wa ateri ya shingo umenenepa kiasi gani? Jibu lilikuwa milimita 0.0058 kwa kundi la kwanza na milimita 0.0111 kwa kundi la pili. Dawa ya nyongeza ilikuwa imeshusha kolesteroli vizuri tu, lakini mshipa haukuonyesha nafuu yoyote ya ziada.

Msikilizaji, zitazame tena namba hizo. Kati ya 0.0058 na 0.0111 pana milimita 0.0053. Chembe moja nyekundu ya damu ina upana wa milimita 0.007 au 0.008 hivi. Yaani makundi yale mawili yalitofautiana kwa kipimo kisichofikia upana wa chembe moja ya damu, na kitakwimu tofauti hiyo haikuwa na uzito wowote. Hata hivyo, wabunge wa Marekani walidai maelezo kwa nini matokeo yalikawia, magazeti yakaandika kwa wiki kadhaa, na madaktari wengi wakaanza kusita kuiandika dawa ile kwa wagonjwa wao.

Kipimo chenyewe kilitoka kwenye picha za altrasaundi, zilezile zinazotumika kumtazama mtoto tumboni. Iliwezekanaje picha ya namna hiyo, yenye ukungu na madoa ya kijivu, itoe namba yenye tarakimu nne baada ya nukta?

Tuanze na sauti yenyewe. Katika nyama laini za mwili sauti husafiri takriban mita 1,540 kwa sekunde. Probu, yaani kifaa kinachowekwa shingoni, hutoa mawimbi ya megahezi 10 hivi. Ukigawa kasi kwa idadi ya mawimbi kwa sekunde, unapata kwamba wimbi moja lina urefu wa milimita 0.15. Hilo peke yake ni karibu mara 30 ya tofauti iliyozua zogo mwaka 2008. Ile nukta ndogo kabisa kwenye kioo cha mashine, pikseli, mara nyingi huwakilisha milimita 0.06 au zaidi ya mwili wa mgonjwa. Kwa hiyo hakuna jicho wala mashine iliyowahi kuona milimita 0.0053 katika picha moja. Namba ya aina hiyo huzaliwa kwa wastani: unapima mahali pengi kwenye kipande kimoja cha mshipa, unarudia kwenye picha kadhaa, upande wa kulia na wa kushoto, kwa mamia ya watu, kisha unajumlisha na kugawa.

Wastani unaweza kusafisha makosa mengi, kwa sharti moja: makosa yasielemee upande mmoja. Mkono wa binadamu huelemea. Hapo ndipo kompyuta ilipopata kazi.

Kabla ya kompyuta alikuwepo Paolo Pignoli wa Milano, Italia. Mwaka 1986 yeye na wenzake walichapisha jambo ambalo leo linaonekana jepesi. Ukiilaza probu sambamba na ateri ya shingo, kwenye kioo unatokea utepe mweusi. Weusi huo ni damu, kwa sababu damu hairudishi mwangwi mwingi. Juu na chini ya utepe ndiko ziliko kuta za mshipa. Kwenye ukuta wa chini, ule ulio mbali na ngozi, huonekana nyuzi mbili nyeupe zinazokwenda sambamba, na katikati yake kijia chembamba cheusi. Pignoli alilinganisha picha hizo na vipande vya mishipa ya watu waliofariki, vilivyopimwa maabara, akakuta kwamba umbali kati ya nyuzi mbili unalingana na unene wa matabaka mawili ya ndani ya ukuta. Uzi wa kwanza ni pale damu inapogusana na ukuta. Wa pili ni pale tabaka la kati linapokutana na ganda la nje. Kwa mtu mzima umbali huo huwa kati ya nusu milimita na milimita moja, na huongezeka kadiri umri unavyokwenda, presha inavyopanda na mafuta yanavyojijenga.

Kwa mara ya kwanza daktari aliweza kuuona ugonjwa wa mishipa ukiwa mchanga, kwa mtu ambaye haumwi popote, bila sindano na bila mionzi. Watafiti wakachangamka. Kuanzia mwaka 1987, utafiti mkubwa wa Marekani uitwao ARIC uliandikisha karibu watu 16,000 wa miaka 45 hadi 64 kutoka jamii nne za nchi hiyo. Shingo zao zikapigwa picha, picha zikarekodiwa kwenye kanda za video, na baadaye wasomaji waliofunzwa wakaketi mbele ya vioo kuweka alama: moja juu ya uzi wa kwanza, nyingine juu ya uzi wa pili, kisha picha inayofuata.

Kazi hiyo inachosha, na mtu aliyechoka ana mazoea yake. Yupo anayevutwa na mahali penye unene mkubwa zaidi kwa kuwa ndipo panapoonekana pa maana. Yupo anayeweka alama juu ya weupe wa uzi, na mwenzake anaiweka ukingoni. Tabu kubwa zaidi ni kwamba msomaji huyohuyo hubadilika. Namna anavyoweka alama mwaka wa kwanza wa utafiti si lazima iwe ndiyo namna yake mwaka wa tatu, na kama unatafuta badiliko la sehemu ya mia ya milimita kwa mwaka, mkono uliohama unaweza kusomeka kama ugonjwa uliopungua.

Mjini Göteborg, Uswidi, madaktari walishirikiana na wahandisi kuondoa tatizo hilo. Mwaka 1997 Inger Wendelhag, Tomas Gustavsson na wenzao walieleza mfumo wa kompyuta unaozitafuta nyuzi mbili wenyewe. Mbinu waliyoitumia ilikuwa na mizizi katika hesabu ambazo Mmarekani Richard Bellman alizikuza miaka ya 1950 kwa ajili ya kupanga maamuzi yanayofuatana. Mfikirie mtu anayetoka Mbagala kwenda Bunju kwa daladala na anataka kulipa nauli ndogo kuliko zote. Akichagua gari la bei nafuu katika kila kituo bila kutazama mbele, anaweza kujikuta mahali ambapo gari la kumalizia safari ni ghali. Akili ni kukokotoa jumla ya nauli za njia zote kwa mpangilio, kituo hadi kituo, kisha kuchagua njia ambayo jumla yake ni ndogo. Kompyuta ya Göteborg ilisafiri hivyo juu ya picha, kutoka kushoto kwenda kulia, safu moja ya pikseli baada ya nyingine. Mahali ambapo weusi unageuka ghafla kuwa weupe, nauli ilikuwa ndogo. Mstari uliporuka juu au chini bila sababu, nauli ilipanda, kwa kuwa ukuta wa mshipa haukatikikatiki. Njia ya nauli ndogo kabisa ndiyo iliyotangazwa kuwa mpaka wa ukuta.

Faida yake ilikuwa dhahiri. Badala ya alama chache za mkono, kompyuta ilipima kila safu ya pikseli katika kipande cha sentimita moja. Picha ileile ikirudishwa, jibu lilikuwa lilelile, iwe asubuhi au baada ya miaka mitano. Watu wawili wanaotumia programu moja hawakutofautiana tena kama zamani. Hata hivyo, wabunifu wake hawakumfukuza binadamu. Waliacha nafasi ya msomaji kusahihisha mstari pale kompyuta ilipodanganywa na doa la weupe.

Teknolojia hiyo ilitoka maabara ikaingia ndani ya mashine zenyewe, na ndiyo iliyofika Nairobi. Utafiti wa AWI-Gen, chini ya mpango wa H3Africa, ulipima zaidi ya watu 10,000, wengi wao wa miaka 40 hadi 60, katika vituo sita vya Afrika Kusini, Ghana, Burkina Faso na Kenya. Kituo cha Kenya kilikuwa katika mitaa ya Korogocho na Viwandani, kikisimamiwa na taasisi ya utafiti wa idadi ya watu na afya, APHRC. Mashine iliyotumika ilikuwa ya kubebeka. Mtu analala chali, anageuza kichwa kidogo, anapakwa jeli shingoni. Mpimaji anatafuta ateri, anaisubiri picha itulie, anaigandisha. Kisha anaonyesha mwanzo na mwisho wa kipande cha sentimita moja kwenye ukuta wa chini. Hapo mikono yake inapumzika. Programu inachora mistari miwili na kuandika unene mdogo kabisa, mkubwa kabisa na wastani.

Miaka ya 1980 kazi kama hiyo ilihitaji jopo la wasomaji na makabati ya kanda. Sasa mpimaji mmoja anaikamilisha palepale, mgonjwa akiwa bado amelala, na mwenzake wa Ghana anaifanya kwa kanuni ileile. Bila hilo, kulinganisha shingo za Korogocho na za Soweto, Afrika Kusini, kungekuwa kulinganisha mikono ya wapimaji.

Hata hivyo, angalia mambo ambayo mpimaji yule ameshayaamua kabla programu haijaanza. Ameamua probu ielekee wapi. Ikikata mshipa kimshazari, ukuta utaonekana mnene kuliko ulivyo, na kompyuta itaupima unene huo wa uongo kwa uaminifu wote. Ameamua picha igandishwe lini. Moyo ukisukuma damu, ateri hutanuka na ukuta wake hukonda kidogo. Moyo ukilegea, ukuta hurudi. Ndiyo maana watafiti makini huunganisha na mashine waya za kupima umeme wa moyo, ili kila picha ichukuliwe katika hatua ileile ya pigo. Ameamua pia mwanga wa picha. Ukiongezwa mno, uzi mweupe hunenepa na mpaka wake husogea. Ukuta wa juu huathirika zaidi na kosa hilo, ndiyo sababu vipimo vingi hufanywa kwenye ukuta wa chini.

Kuna pia swali la nini kihesabiwe. Wataalamu waliokutana Mannheim, Ujerumani, walikubaliana kwamba mahali ambapo ukuta umezidi milimita 1.5, au umevimba kuingia njia ya damu kwa nusu milimita, au umezidi jirani zake kwa asilimia 50, pasiitwe tena ukuta mnene. Hapo pana rundo la mafuta na makovu, na hilo ni jambo jingine lenye uzito wake. Programu inayolichanganya rundo hilo na ukuta wa kawaida hutoa wastani nadhifu usio na maana kwa daktari.

Kipimo kingine cha shingo, cha kasi ya damu, kinaonyesha vizuri jinsi uamuzi mdogo unavyogeuza ripoti. Ateri ya shingo ikiwa imeziba kidogo, damu hupita pale kwa kasi, na mashine huikadiria kasi hiyo kutokana na mabadiliko ya masafa ya mwangwi, jambo lililoelezwa na Christian Doppler mwaka 1842. Ili hesabu itoke, lazima mashine ijue pembe kati ya mwale wa sauti na mkondo wa damu. Pembe hiyo huwekwa kwa kuzungusha kimstari kwenye kioo. Tuseme pembe ya kweli ni nyuzi 60 na kasi ni sentimita 120 kwa sekunde. Mpimaji akikiweka kimstari kwenye nyuzi 65, mashine itasoma sentimita 142. Kwa vigezo vilivyopendekezwa na jopo la wataalamu wa Marekani mwaka 2003, sentimita 125 ndiyo mpaka: chini yake mshipa umeziba kwa chini ya asilimia 50, juu yake umeziba kwa asilimia 50 au zaidi. Nyuzi tano za kimstari zimemhamisha mtu kutoka kundi moja hadi jingine, na damu yake inapita vilevile. Mashine za sasa zinazojiwekea pembe zenyewe hupunguza kosa hilo pale mshipa uliponyooka. Ukiwa umejipinda, mpimaji hana budi kutazama kwa macho yake.

Kwenye aota, mshipa mkuu unaoshuka tumboni, mstari huamua nani apasuliwe. Uingereza huwaalika wanaume wote katika mwaka wanaotimiza miaka 65 kupimwa aota kwa altrasaundi. Chini ya sentimita 3 mtu huagwa. Kati ya 3.0 na 4.4 huitwa tena kila mwaka, kati ya 4.5 na 5.4 kila miezi mitatu, na akifika 5.5 hupelekwa kwa daktari wa upasuaji wa mishipa. Sababu ni kwamba aota iliyotanuka ikipasuka, wengi hufa kabla ya kufika hospitali. Albert Einstein alifariki kwa ugonjwa huo mwaka 1955, miaka kadhaa baada ya madaktari kumfungia aota yake kwa karatasi ya selofeni.

Lakini sentimita 5.5 kutoka wapi hadi wapi? Mpango wa Uingereza hupima kutoka ukingo wa ndani wa ukuta mmoja hadi ukingo wa ndani wa ukuta wa pili. Uswidi hupima kutoka ukingo wa mbele wa ukuta mmoja hadi ukingo wa mbele wa ukuta mwingine. Wapo wanaopima nje hadi nje. Kati ya ndani kwa ndani na nje kwa nje zinaweza kupatikana milimita kadhaa, na mwanamume mwenye 5.3 kwa njia moja anaweza kuwa na 5.6 kwa njia nyingine. Kompyuta inaweza kuzifuata zote bila kuchoka. Ipi ifuatwe, hilo lilipaswa kuamuliwa na madaktari, na nchi zimeamua tofauti.

Kuhusu unene wa ukuta wa shingo, ubishi ulikuwa mkali zaidi. Mwaka 2010 vyama vya madaktari wa moyo vya Marekani vilisema ni sawa kuupima kwa watu walio katika hatari ya wastani. Mwaka 2012 uchambuzi wa tafiti 16 zenye watu karibu 37,000 haukukuta uhusiano kati ya kasi ya ukuta kunenepa kwa mtu mmoja na uwezekano wake wa kupata kiharusi au shambulio la moyo. Mwaka uliofuata mwongozo mpya wa Marekani ukashauri kipimo hicho kisitumike kama desturi kwa mgonjwa mmoja mmoja. Mwaka 2020 uchambuzi mwingine, wa majaribio 119 yenye wagonjwa zaidi ya 100,000, ukaonyesha upande wa pili: katika makundi makubwa, tiba zilizopunguza kasi ya ukuta kunenepa zilikwenda sambamba na kupungua kwa maradhi ya moyo na kiharusi.

Mambo hayo mawili hayapingani. Badiliko la ukuta kwa mwaka ni kama sehemu ya mia ya milimita, na kosa la kipimo kwa mtu mmoja linaweza kuzidi hapo mara kadhaa. Kwa mtu mmoja kosa hulimeza badiliko; kwa watu laki moja makosa hufutana na badiliko hubaki. Hata ezetimibe ilipewa nafasi ya pili. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 18,144 waliowahi kupata dharura ya moyo. Safari hii hawakupimwa unene wa mishipa. Yalihesabiwa matukio ya moyo na mishipa, yakiwemo mashambulio, viharusi na vifo. Waliopata dawa mbili walifikwa na mambo hayo kwa asilimia 32.7, waliopata moja kwa asilimia 34.7. Nafuu ndogo, lakini ya kweli.

Kizazi kipya cha programu hakitafuti tena njia ya nauli ndogo. Mwaka 2015 watafiti wa Freiburg, Ujerumani, walichapisha mtandao wa kompyuta uitwao U-Net, unaojifunza kutenga sehemu za picha za kitabibu kwa kuonyeshwa mifano iliyochorwa na wataalamu. Akili mnemba ya aina hiyo huona mpaka hata pale ukungu unapozidi, na hufanya kazi haraka. Inapojifunza kwa mkono wa mtaalamu, hata hivyo, hurithi mazoea yake. Aliyezoea kuchora ukingoni mwa uzi huifundisha ichore ukingoni. Na iliyofunzwa kwa picha za mashine moja inaweza kuyumba ikipewa za mashine nyingine.

Ndiyo maana kundi la watafiti wa Ulaya liliamua kuweka wazi picha 2,176 za shingo za watu 1,088 wa Cyprus na Italia, pamoja na mistari iliyochorwa na wataalamu, ili programu za maabara tofauti zishindanishwe juu ya mkusanyo uleule. Mwanafunzi wa uhandisi aliyeko Dodoma au Eldoret anaweza kuijaribu programu yake kwa picha hizo kwa kompyuta ya kawaida. Asichoweza kukijua kutokana nazo ni jinsi programu hiyo itakavyofanya kazi kwenye mashine ya kituo cha afya cha mtaani kwake, kwa wagonjwa wa hapo na mpimaji wa hapo. Ili kulijua hilo, zinahitajika picha zilizopigwa huku kwa idhini ya wenyewe, wataalamu wawili au watatu wa huku watakaochora mistari bila kutazamana, na maelezo yaliyoandikwa pembeni ya kila picha: mashine gani, upande gani wa shingo, hatua gani ya pigo la moyo, na mpaka umehesabiwa kuanzia wapi.